HOTUBA YA MWENYEKITI: SOYA INALISHA, LAKINI LAZIMA IIVE



Miaka kumi si haba. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mtasomewa na katibu na mweka hazina, nao wameziandika vizuri ndani ya kitabu hiki. Mimi sitarudia hesabu zao. Nimeombwa niseme juu ya unga wetu wa lishe, na hasa juu ya soya, maana maneno yamekuwa mengi sokoni na mitaani, na wapo wateja wanaotuuliza, "Mama, hii soya yenu haina madhara?"

Ni swali zuri. Anayeuliza hivyo anampenda mtoto wake. Basi tusimkasirikie, tumjibu. Na jibu langu ni hili: soya ni chakula kizuri sana, lakini ina masharti. Ukiyafuata inajenga. Ukiyapuuza inaweza kuumiza, na wa kwanza kuumia ni mtoto ambaye hana mdomo wa kusema.

Nina sababu nyingine ya kulisema jambo hili mbele ya wageni. Kwenye mkutano wetu mmoja mwaka huu liliulizwa swali: kwa nini tunachoma kuni zote hizi kuchemsha soya, wakati wengine wanasaga hivyo hivyo ikiwa kavu na wanauza bei ya chini yetu? Mteja haoni ndani ya mfuko. Kuni ni ghali, faida inapungua, na mwisho wa mwaka mgao wa kila mmoja unakuwa mdogo. Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatetea fedha za wanachama. Ila leo nataka jibu lake lisikike na watu wote, liandikwe kitabuni, ili hata siku sisi hatupo wajukuu zetu walisome.

Kwanza tuijue soya yenyewe. Huku Songea tumezoea kuiona shambani, tukadhani ni ya tangu mababu. Asili yake ni China, ambako watu wameila kwa maelfu ya miaka. Hapa nchini ililetwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1907, ikajaribiwa kwenye shamba la utafiti la Amani, Tanga. Wataalamu wanaisifu kwa sababu ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika kilo moja ya soya kavu kuna protini zaidi ya theluthi moja. Maharage yetu ya kawaida yana kama moja ya tano tu, na mahindi yana kama moja ya kumi. Tena soya ina mafuta, kama moja ya tano ya uzito wake. Kwa hiyo ukichanganya soya kidogo kwenye uji wa mahindi, uji unapata nguvu nyingine kabisa.

Na haja tunayo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 30 wamedumaa. Jirani zetu wa Iringa, ambako chakula hakikosekani, walikuwa zaidi ya nusu. Mtoto anashiba ugali lakini hakui. Ndiyo maana tulianzisha mradi huu, na ndiyo maana hatutauacha kwa sababu ya maneno ya vijiweni.

Sasa hayo maneno ya vijiweni tuyapime moja moja.

La kwanza linasema soya inawaotesha wanaume matiti na kuwamaliza nguvu. Akina baba mnacheka, lakini najua wapo wanaokataa uji nyumbani kwa sababu hiyo. Chanzo chake ni kwamba ndani ya soya kuna vitu vinavyofanana kidogo na homoni ya kike. Hilo ni kweli. Lakini kufanana si kuwa sawa, na nguvu yake ni ndogo sana. Wataalamu wamekusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanaume, wakatoa majumuisho mwaka 2010 na tena mwaka 2021, wakaona homoni ya kiume haikupungua kwa kula soya. Mwaka 2008 iliandikwa habari ya mzee mmoja wa Marekani, wa miaka 60, aliyevimba matiti. Walipomchunguza wakakuta anakunywa maziwa ya soya karibu lita tatu kila siku ya Mungu. Alipoacha, hali yake ikarudi. Sasa jamani, lita tatu kila siku! Hata maziwa ya ng'ombe ukinywa hivyo mwili utalalamika. Bakuli la uji asubuhi halimfanyi mtu hivyo.

La pili linasema soya inaleta saratani ya matiti. Hili linatisha zaidi, maana sisi sote ni akina mama na ugonjwa huu tumeuona kwenye koo zetu. Huko Shanghai, China, waliwafuatilia wanawake 5,042 waliokwisha kuugua saratani ya matiti, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Waliokuwa wanakula soya zaidi katika chakula cha kawaida hawakuumia zaidi. Vifo na kurudi kwa ugonjwa vilikuwa vichache kwao kuliko kwa wale waliokula kidogo. Sisemi soya inatibu saratani, nisije nikanukuliwa vibaya. Nasema tu kwamba kumtisha mama mgonjwa asile uji wa soya si haki. Ila vile vidonge vinavyotengenezwa kwa kukamua hivyo vitu vya homoni ni jambo lingine. Mgonjwa asivinywe bila kumuuliza daktari.

La tatu si uvumi wa kutisha, ni uvumi wa kusifu, na huu unatoka kwetu sisi wauzaji. Mtu anasimama sokoni anasema unga wa soya unatibu kisukari, unashusha presha, unaondoa kila ugonjwa. Tusiende huko. Marekani, mwaka 1999, serikali iliwaruhusu wauzaji waandike kwamba protini ya soya inapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mwaka 2017 idara ile ile ikapendekeza ruhusa hiyo iondolewe, kwa kuwa tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Kama wenye maabara kubwa wanarudi nyuma na kupima tena maneno yao, sisi wenye mizani ya sokoni tutatangazaje dawa? Sisi tunauza chakula. Mgonjwa aende hospitali.

Baada ya kuondoa hofu za uongo, sasa nieleze hatari za kweli. Hizi nawaomba mzishike.

Jambo la kwanza ni soya mbichi. Ndani ya soya ambayo haijaiva kuna kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Maana yake umempa mtoto chakula cha kujenga mwili, na ndani ya chakula hicho hicho umeweka mlinzi anayekizuia kisifanye kazi. Tena mtoto anajaa gesi, tumbo linauma, anaweza kutapika na kuharisha. Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1917 wataalamu wawili wa Marekani, Osborne na Mendel, waliwalisha panya soya mbichi, panya hawakukua. Walipowapa soya iliyopikwa, wakakua. Soya ni ile ile, panya ni wale wale. Kilichobadilika ni moto na maji.

Hapo ndipo lilipo jibu la kuni. Sisi tunachambua soya, tunatoa mawe na punje zilizooza. Tunachemsha maji kwanza, yakishatokota ndipo tunatia soya, na tunahesabu nusu saa tangu maji yatokote tena. Tunamwaga maji yale, tunaosha kwa maji safi, tunafikicha maganda yatoke, tunaanika juu ya kichanja mpaka ikauke kabisa, halafu tunaikaanga kidogo ndipo tunapeleka mashineni. Ni kazi ndefu, ndiyo. Lakini mama anayenunua unga anaukoroga kwenye uji, uji unachemka dakika chache anaepua. Dakika hizo chache si za kuzitegemea kuivisha soya iliyosagwa mbichi. Kwa hiyo kuni tusizochoma sisi, mtoto wa mwenzetu ndiye atakayezilipa kwa tumbo lake. Mteja haoni ndani ya mfuko, ni kweli. Ndiyo sababu hasa ya sisi kuwa waaminifu.

Jambo la pili ni watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi sita chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Hivi ndivyo wanavyotufundisha kliniki, na ndivyo lisemavyo Shirika la Afya Duniani. Uji wa lishe, hata uwe mzuri namna gani, unaanza baada ya miezi sita, na kunyonya kunaendelea mpaka miaka miwili au zaidi. Hapa mtaani kwetu tulimwona mama kijana aliyeambiwa na muuzaji mmoja kwamba maji ya soya ni sawasawa na maziwa ya mama, akampa mwanawe wa miezi mitatu huku akimpunguzia ziwa. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ukaanza kushuka. Muuguzi alimshauri amrudishe ziwani, na bibi wa mtoto akasimamia, mstari ukapanda tena. Tunamshukuru Mungu iliwahiwa.

Msidhani mambo haya yanatokea kwa maskini tu. Mwaka 2003, nchini Israel, watoto wachanga waliolishwa maziwa ya kopo ya soya yaliyotengenezwa kiwandani walipata maradhi makubwa ya ubongo na wengine wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba maziwa yale yalikosa vitamini B1. Hapo soya yenyewe haikuwa sumu. Kosa lilikuwa kwamba mtoto alitegemea chakula kimoja tu, na ndani ya chakula hicho kulikuwa na upungufu. Kama kiwanda kinaweza kukosea, sufuria letu litawezaje kuchukua nafasi ya ziwa la mama?

Jambo la tatu ni damu. Soya ina madini ya chuma, lakini ina pia kitu kinachoyashika madini hayo yasiingie mwilini vizuri. Mahindi nayo yanacho, na maharage pia, kwa hiyo soya haiko peke yake. Dawa yake ni ndogo. Baada ya uji mpe mtoto chungwa, pera au papai, au kamua limau kidogo, maana matunda hayo yanasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Na ile desturi yetu ya chai ya rangi pamoja na chakula tuiache, hasa kwa wajawazito na watoto. Chai isubiri saa moja au mbili. Dagaa, nyama kidogo na mboga za majani bado vinahitajika. Soya haifukuzi vyakula vingine mezani.

Jambo la nne ni rovu. Akina bibi mliopo hapa mnakumbuka nyanda hizi za juu zilivyokuwa na watu wenye rovu, kwa sababu ardhi yetu ina upungufu wa madini joto. Soya nyingi mahali penye upungufu huo inaweza kuongeza tatizo. Huko Marekani, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, waliwaona watoto wachanga waliolishwa maziwa ya unga wa soya wakivimba shingo. Watengenezaji walipoongeza madini joto, tatizo likatulia. Basi kwetu sharti ni moja: chumvi ya nyumbani iwe ile yenye madini joto, iliyofungwa kwenye pakiti, iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Ile chumvi ya mawe ya kupima kwa kopo tuiache hata kama ni rahisi. Na mtu anayetumia dawa za tezi ya shingo asizinywe pamoja na uji wa soya, maana soya inapunguza nguvu ya dawa. Amwambie daktari kwamba anakula soya, wapange saa.

Jambo la tano ni mzio. Wapo watoto wachache ambao miili yao inaikataa soya, kama wengine wanavyokataa mayai au karanga. Dalili ni vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, au kupumua kwa shida. Kwa hiyo mtoto akianza soya, aanze na kidogo, siku ambayo hajaanzishiwa chakula kingine kipya. Ukiona dalili, acha. Ukiona anapumua kwa shida, kimbia zahanati, usingoje asubuhi. Kuna watu wanaona aibu kumwambia muuguzi walichompa mtoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sema wazi usaidiwe.

Jambo la sita linahusu wenzake na soya ndani ya mfuko, yaani mahindi na karanga. Hawa ndio wanaobeba sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wakapoteza maisha. Sumukuvu haiishi kwa kupika, na unga ukishasagwa huwezi kuiona. Kwa hiyo hapa moto hautuokoi, kinachotuokoa ni kuchambua na kukausha. Mahindi yaliyolowa, yaliyovunda au yenye rangi ya kijani yasiingie kwetu hata kama yanauzwa kwa bei ya bure. Na ule mtindo wa kuchanganya nafaka saba au nane ndani ya unga mmoja si ujuzi. Kila punje inataka matayarisho yake, na ukizichanganya nyingi huwezi kujua ni ipi imeharibika. Sisi tunabaki na mahindi sehemu tatu na soya sehemu moja. Anayetaka karanga atie mwenyewe nyumbani, karanga alizozichagua kwa macho yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya maelezo hayo, kamati imenituma nilete mapendekezo manne mbele ya wanachama, tuyapigie kura mkutano ujao.

Moja, kuchemsha soya nusu saa kuwe sheria ya kikundi, iandikwe kwenye katiba yetu pamoja na faini, kama tulivyoandika faini ya kuchelewa kikao. Zamu ya jikoni wawe wawili wawili, na kila mpiko uandikwe kwenye daftari.

Mbili, kila mfuko uandikwe kwa Kiswahili kikubwa: "Soya imechemshwa. Si kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Haichukui nafasi ya maziwa ya mama. Asiyepatana na soya asitumie."

Tatu, mwanachama yeyote akisikika anauza unga huu kama dawa, aitwe na kamati.

Nne, sehemu ya faida ya unga ya mwaka huu isigawanywe. Iwekwe kwa ajili ya kupima unga na kufuata nembo ya ubora. Kama mnavyojua, tangu mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula yako chini ya Shirika la Viwango, TBS, na wajasiriamali wadogo kama sisi huanzia SIDO kupata barua ya utambulisho. Najua pendekezo hili la nne ndilo litakalouma, maana mtu amekwisha panga mgao wake, huyu ada ya shule, huyu bati. Hata mimi ninayo mipango yangu. Lakini nawaomba mfikirie. Kikundi hiki kimesimama miaka kumi kwa sababu kisanduku kina kufuli tatu na kila mwenye ufunguo anaaminiwa. Mfuko wa unga hauna kufuli. Mteja anatuamini bila kuona, kama sisi tunavyoaminiana fedha.

Kwa wageni wetu ombi langu ni dogo. Ndugu Diwani, utusaidie mhudumu wa afya aje kwenye vikao vyetu mara moja kila miezi mitatu, atufundishe na atukosoe. Viongozi wa dini, mkikutana na waumini wenu, waambieni soya haina ubaya ikiiva, na mtoto mchanga aachiwe ziwa la mamaye. Akina baba, mkipewa uji nyumbani, kunyweni bila wasiwasi, na kuni leteni.

Nawashukuru wanachama wote, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, kwa kazi ya miaka kumi. Kura ya mapendekezo haya ni kikao kijacho, na asiyefika atalipa faini yake kama kawaida.